Mpaka wa Mashariki Hauna Askari

Mume wangu alikuwa mfalme wa Unyanyembe kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, akishafunga stationari yake pale karibu na soko na kunywa chai. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Nikimwita mtukufu alinyoosha shingo kama jogoo. Nikimwita mpagazi alicheka mpaka chai inampalia. Huyo ndiye niliyeolewa naye hapa Tabora, na nimewahi kugombana na watu walioniambia nitamsahau.

Niueleze kwanza huo mchezo, maana wapo watakaodhani nasema karata. Ni mchezo wa kompyuta. Unafunguliwa ramani ya dunia nzima, dunia ya enzi za misafara, unachagua nchi moja na kuiongoza. Unatoza ushuru, unajenga, unatuma wajumbe, unapigana ukilazimika. Pale juu kwenye kona miaka inakwenda yenyewe hadi mwaka wa mwisho uliopangwa, ndipo mchezo unakwisha. Watu wenye akili zao huchagua Uingereza au Urusi. Mume wangu akachagua Unyanyembe, kadoa ka rangi ya kunde katikati ya bara, kadogo hata jina lake halikuenea ndani.

"Mwenye Uingereza hachezi," aliniambia. "Anatembea tu."

Hakutaka kuteka dunia. Alitaka kitu kimoja, kufika mwaka wa mwisho Tabora ikiwa bado ina rangi yake. Hakufika hata mara moja. Mara alimezwa na Sultani wa Unguja, mara na Wajerumani, mara njaa ikamwondolea watu, na siku moja umeme ulikatika akiwa amebakiza kidogo tu, jamani, alikaa gizani akishika kichwa kama amefiwa. Kesho yake akaanza upya.

Mimi nilikaa pembeni kwenye kigoda nikichambua mchele au nikisuka mkeka, kazi yangu ikiwa ni kumsumbua. Mimi ni Mgogo wa Bahi. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu wao walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, na njia ikipita kwetu, kwenye visima vyetu. Hakuna aliyekunywa maji wala kupita Ugogo bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia. Babu zao walituapiza safari nzima, babu zetu waliwacheka, na sisi wajukuu tukarithi haki ya kutukanana mpaka asubuhi bila mtu kununa. Kwa hiyo nyumbani kwangu nilifanya kama babu zangu. Mume wangu akitoka chumbani, namkuta mlangoni, nanyoosha mguu kutoka mwimo huu hadi mwimo ule.

"Hapa hapiti mtu bila hongo."

Naye alilipa. Alilipa karanga, alilipa kipande cha muwa, siku moja hakuwa na kitu akavua soksi akanipa. Watu wazima sisi, tena wa kwaya.

Sasa, mashariki ya Unyanyembe kwenye ile ramani kulikuwa na Ugogo, kwetu, kwa rangi ya njano iliyopauka. Mume wangu aliweka askari kaskazini, kusini na magharibi. Mashariki hakuweka hata mtu mmoja wa kupiga filimbi.

"Huku umeacha wazi," nilimwambia.

"Huko ni kwa shemeji zangu. Mtani hapigani na mtani."

"Kwani kompyuta inajua utani?"

"Mjinga wewe. Kama haijui, itajifunza."

Hilo "mjinga wewe" lake nimelisikia miaka yote ya ndoa yangu. Wapo wanaume huwaita wake zao asali, na asali ya Tabora inajulikana. Mimi nilikuwa mjinga, na sikutaka jina lingine.

Mtani wangu wa pili alikuwa wifi yangu, mdogo wake wa pekee, mkulima wa tumbaku kule Usoke. Huyo alikuwa balaa. Akishuka kwenye treni na kikapu chake, akifika tu mlangoni anainamisha kichwa, ananyoosha kiganja kama ombaomba, anasema kwa sauti ya kuvuta, "Mbukwenyi, mama, nisaidie." Kigogo chake kilikuwa salamu hiyo tu, na alikitumia kwa kunisimanga. Nikipika mlenda alishika pua, akaomba apewe kijiko na leso. Nami nilimwuliza mzigo wake ameuacha wapi, maana sijawahi kuona mpagazi anayetembea mikono mitupu. Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Mungu hakutupa watoto. Nalisema hili ili mjue nilivyokuwa nimefungwa na ukoo ule. Wenzangu wamefungwa na watoto. Mimi nilifungwa na matusi.

Mume wangu alifariki wakati wa masika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika Usoke. Wajomba zangu walikuja kutoka Bahi kwa treni, wakafanya kazi ya watani kama inavyotakiwa. Mjomba mkubwa alikaa juu ya lundo la udongo kando ya kaburi akakataa lisifukiwe. Alisema huyu mpagazi amejifanya amechoka ili atue mzigo, na mzigo wenyewe ni mpwa wetu, kwa hiyo haondoki mtu hapa mpaka tulipwe jogoo. Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Nilicheka na mimi. Jogoo akaletwa, kaburi likafukiwa, wajomba wakapanda treni wakarudi kwao na jogoo wao.

Basi hapo ndipo palipoingia kimya.

Wifi yangu alikuja Tabora baada ya matanga. Nilimsikia mlangoni, nikasimama tayari kabisa, nimeshaandaa la kumjibu. Akaingia, hakunyoosha kiganja. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo wifi. Pole na kazi."

Nikasema marahaba. Ningesema nini? Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuomba ajira. Nilipika mlenda makusudi. Akala. Akasema asante, chakula kizuri. Haki ya Mungu, ningefurahi zaidi angenitemea mate.

Kuanzia siku hiyo akawa hivyo hivyo. Simu za Jumapili, umeamkaje wifi, umekula, Mungu akutie nguvu. Mjini nako, wateja wa stationari ambayo sasa niliiendesha mwenyewe walizungumza na mimi kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Pole mama. Pole sana mama. Nimeshiba pole mimi, nilizikinai hata kuziona kwenye midomo ya watu kabla hazijatoka. Kwetu, bibi yangu alitufundisha kwamba msiba ukishaisha watani ndio wanaokuja kumfungua mfiwa mdomo. Wanakuja wanakutukana, unawajibu, umerudi kwa watu. Wasipokuja, ujue wamekuona si mtu wao tena. Nikangoja. Mvua zikaisha, watu wakavuna karanga, ikafika kiangazi na vumbi lake. Hakuna aliyenitukana.

Siku moja nilijikuta nimesimama mlangoni nimenyoosha mguu. Sijui nilifikaje pale. Nikabaki hivyo hivyo, mguu juu ya mwimo, nikiangalia chumba. Hakukuwa na mtu wa kupita. Nilishusha mguu nikaenda kukoroga uji ambao sikuunywa.

Ni jioni ya siku ile ndipo nilipowasha kompyuta. Nilimwona akiiwasha mara nyingi, kwa hiyo nilijua pa kubonyeza. Unyanyembe yake ilikuwepo, pale pale alipoiacha, askari kaskazini, kusini na magharibi, na miaka ikiwa imesimama ikisubiri mtu. Nilikaa kwenye kiti chake. Kimebonyea upande wa kulia, alikuwa akiegemea huko. Nikaona huyu mtu ameniachia nchi na sijui kuitawala.

Nilijifunza kwa kuharibu. Nilipandisha kodi, wananchi wakaasi. Nikashusha kodi, hazina ikakauka. Nilimkosea Sultani heshima kwa kubonyeza mahali nisipopajua, nikalazimika kumpelekea pembe za ndovu karibu zote tulizokuwa nazo. Nilikuwa nasema na ramani kwa sauti. "Wewe Karagwe, tulia. Nyie wa Uvinza, chumvi yenu mtaniletea lini?" Hakuna aliyejibu. Kompyuta inakuandikia tu kwa Kiingereza kwamba ombi lako limekataliwa, na haikutukani hata kidogo. Nilishinda vita moja na Watuta, wale wavamizi, nikageuka kwenye kigoda kumwonyesha mtu. Kigoda kilikuwa na mkeka niliouacha nusu.

Nikajiwekea nadhiri. Nitaifikisha hii nchi mwaka wa mwisho ikiwa na rangi yake, alivyotaka. Kisha nitafunga mizigo, nitampa wifi yangu funguo za nyumba na za stationari, nitarudi Bahi kwa mama yangu. Kama hapa mimi si mtu wao tena, kuku mgeni nitakaa na kamba mguuni mpaka lini? Basi ikawa kila mwaka unaopita pale kwenye kona unanisogeza karibu na kituo cha treni. Nilitaka miaka iende, na ilipokwenda nilikuwa naizuia. Naibonyeza isimame, natoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mpaka wa mashariki niliuacha wazi. Msidhani sikuona. Kulikuwa na alama nyekundu inawaka pale ikinionya, na mtoto mdogo angeielewa. Askari ninao. Lakini kila nikitaka kuwapeleka huko mkono unakataa, maana kuweka bunduki mbele ya Ugogo ilikuwa ni kusema ndoa yetu yote ilikuwa maneno matupu. Na pia, kwa kweli, nilifikiri wale ni ndugu zangu. Mimi Mgogo ndiye niliyekaa kwenye kiti. Nani atanipiga?

Walinipiga. Ilikuwa Jumatano, jua bado lipo, jirani anatwanga nje. Likatokea tangazo katikati ya ramani kwamba Ugogo imetangaza vita dhidi ya Unyanyembe. Nilisoma nikadhani sijui Kiingereza. Jeshi langu lote lilikuwa mbali magharibi, na wale wa njano wakaingia kama watu wanaoingia kwao, bila hata kupiga hodi.

"Nyie!" nilipiga kelele. "Nyie watu, mimi ni wenu!" Nikawaambia kwa Kiswahili, nikawaambia kwa Kigogo, nikawatajia ukoo wa babu yangu. Jirani akaacha kutwanga. Nilituma mjumbe wa amani, wakakataa. Nikatuma ushuru, wakakataa hata ushuru, Wagogo gani wanaokataa hongo? Hapo ndipo nilipojua kwamba hawakuwa watu. Tabora ikazingirwa. Jeshi langu lilikuwa bado njiani linatembea pole pole wakati ile rangi ya kunde ilipofutika. Maandishi yakaniambia nchi yangu haipo tena, na nikaulizwa kama napenda kuangalia dunia ikiendelea bila mimi.

Nililia kuliko nilivyolia msibani. Msibani kulikuwa na watu wa kulia nao.

Nadhiri ni nadhiri. Mwaka wa mwisho sikuufikia, lakini nchi ilikuwa imekwisha. Nikampigia wifi yangu simu, nikamwambia narudi Bahi Jumamosi kwa treni ya mchana, aje achukue funguo. Akasema, "Sawa wifi. Kama umeamua." Nikamwambia nimeamua. Nilitaka anizuie, sitaficha. Ningezuiwa hata kwa neno moja ningeshukuru. Alisema ataleta karanga za safari.

Jumamosi akaja, kweli na karanga zake. Shikamoo wifi, marahaba. Begi langu lilikuwa limefungwa katikati ya sebule. Nikamwonyesha bomba linalovuja, nikamwonyesha ufunguo wa stationari unaogoma mpaka uuvute kidogo. Kila nilichosema aliitikia, ndiyo wifi, sawa wifi. Kisha akavuta kile kigoda changu, akakiweka mlangoni penye upepo, akakaa akiangalia nje. Mchana ule wa Tabora, jua kali, vumbi jekundu, na muda wa treni unakaribia.

Nikabeba begi. Zito, nimelijaza kama mjinga. Nikafika mlangoni, yeye amekaa pale pale, mgongo wake umejaza mlango, hajui hata niko nyuma yake. Mkono unaniuma, na hasira zangu mnazijua sasa. Likanitoka lenyewe.

"Hebu nipishe, mpagazi wewe! Au unangoja nikutwishe?"

Nilitamani niliokote nilirudishe mdomoni. Yeye hakugeuka. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri, haya, nimemliza mtoto wa watu, sasa naondoka na hilo nalo. Akageuza uso polepole. Ulikuwa umelowa wote. Na huku analia, akanyoosha mguu wake wa kulia mpaka ukagusa mwimo wa pili.

"Mbukwenyi, Mgogo," alisema. "Hapa hapiti mtu bila hongo."

Begi lilianguka, sijui liliangukia wapi. Nilikaa chini kwenye sakafu nyuma yake, nikalia na kucheka kwa pamoja, kitu kibaya kusikia. Akanifuata chini.

"Mbona umechelewa hivyo?" aliniambia akinipiga begani, na alipiga kweli. "Miezi yote hii nakungoja! Sisi kwetu mfiwa ndiye anayeanza. Mtu hamtanii mfiwa mpaka yeye mwenyewe afungue. Nimekuja hapa na shikamoo zangu kama karani, naondoka nalia kwenye treni mpaka Usoke. Nikajua umetuchoka. Nikasema bila kaka, sisi kwake ni nani?"

Mimi nikamwambia la bibi yangu, kwamba kwetu wanaoanza ni watani. Akaniangalia. Alifuta kamasi kwa khanga.

"Kwa hiyo tumengojana."

"Tumengojana."

"Na kaka yangu huko aliko anatuangalia."

"Anatucheka, mshenzi yule," nilisema, na hilo lilitufanya tulie upya. Treni tuliisikia ikipiga honi ikiwa inaondoka. Hakuna aliyeinuka.

Baadaye nikamwuliza hongo yenyewe ni nini. Akasema mlenda. Nilidhani ananitania, lakini alikuwa na njaa na alimaanisha. Nikaenda jikoni nikawasha mkaa. Alikula sahani mbili bila leso, akalalamika mwanzo hadi mwisho kwamba anakula makamasi ya Wagogo, akalamba vidole. Begi lilikaa pale lilipoangukia hadi kesho yake, kila mmoja wetu akiliruka akipita.

Sitaki kuwadanganya kwamba upweke uliisha. Wifi ana tumbaku yake, alirudi Usoke, na jioni saa kumi na moja nyumba hii bado ina mtu mmoja. Bado natoa vikombe viwili, nakirudisha kimoja. Kiti bado kimebonyea upande wa kulia, na mimi siegemei huko, nimepaacha. Lakini nimeanza mchezo upya, Unyanyembe ile ile, kadoa ka rangi ya kunde. Kaskazini nimeweka askari, kusini nimeweka, magharibi nimeweka.

Juzi wifi alinipigia jioni, nikiwa nimekaa hapo hapo. Nilishamsimulia vita yote, na tangu hapo anaiulizia nchi ile kama anavyouliza habari za mifugo.

"Mashariki umeweka askari?"

"Sijaweka."

"Walivyokufanya ndugu zako, na bado hujaweka?"

"Mtani hapigani na mtani."

"Mjinga wewe!"

Alivuta lile neno vilevile alivyolivuta kaka yake, sauti ikipanda mwishoni. Sikujua kwamba ni lao la nyumbani. Nikashika simu kwa mikono miwili. Nikamwambia mtandao wa kwao mbaya, sijasikia vizuri, hebu arudie.

Nilikuwa nimesikia. Akarudia.